Deni la Alexios

Ndugu msomaji, wako miongoni mwetu watu ambao wakisikia tarikhi ya Warumi wa mashariki hukunja uso, wakasema: Hao walikuwa Wakristo, waliuana wenyewe kwa wenyewe, sisi yatuhusu nini? Kauli hiyo ni ya mtu asiyetaka kujitazama katika kioo. Warumi wale Qur'ani imewataja, na sura nzima imepewa jina lao. Tangu lini habari zao zikawa si za kusomwa katika nyumba za Waislamu?

Basi sikiliza kisa cha nyumba moja ya kifalme. Mwaka 1195 Isaac wa Pili, mfalme wa Constantinople, mji ambao leo ni Istanbul, alipinduliwa na kaka yake wa tumbo moja, Alexios wa Tatu. Kaka huyo akampofua macho, akamtia kifungoni, akakikalia kiti. Isaac alikuwa na mtoto mwanamume, naye pia jina lake Alexios. Mwaka 1201 kijana alitoroka akenda Ulaya ya magharibi kutafuta msaada. Mpaka hapa nani atamlaumu? Mtoto ambaye baba yake ametiwa upofu ana haki ya kudai.

Lakini tazama alidai kwa njia gani. Huko walikuwako Masalibi, waliojitangaza kwamba wanakwenda kupigana na Waislamu, nao wana deni kubwa kwa watu wa Venice la merikebu walizoundiwa. Akawaahidi: Nirudisheni katika kiti cha baba yangu, nami nitawapa marki 200,000 za fedha, na askari 10,000, na kanisa la Warumi nitaliweka chini ya Papa wa Roma. Jamani! Fedha zile zilikuwa zake? Kanisa lile lilikuwa lake? Hata mtoto wa chuoni ajua kwamba mtu hauzi asichokimiliki.

Merikebu zikafika mwaka 1203. Ami akatoroka usiku na dhahabu, kipofu akatolewa kifungoni, na mwanawe akavishwa taji pamoja naye. Kisha wadai wakataka chao. Hazina ilikuwa tupu. Kijana akaviyeyusha vyombo vya makanisa, raia wakamchukia, na deni halikwisha. Mwanzoni mwa 1204 akanyongwa na mmoja wa watu wa barazani mwake. Wageni nao hawakusema, mdaiwa amekufa, twende zetu. Mwezi wa April waliuteka mji, wakaupora siku tatu. Katika Hagia Sophia waliingiza nyumbu ndani ili wabebe mali. Farasi wanne wa shaba walipelekwa Venice, na wako huko hata leo.

Niketas Choniates, Mkristo na mwandishi wa Warumi aliyekuwamo mjini, aliandika kwamba Waislamu walipoitwaa Yerusalemu walikuwa wapole kuliko Wakristo hawa. Alimkusudia Salahuddin, mwaka 1187, aliyekubali watu wajikomboe kwa mali badala ya kuwaua; ingawa, tuseme kweli, wasiokuwa na cha kujikomboa wengi walitekwa.

Najua wako watakaoishika habari hii ya Salahuddin wakaifurahia, wakafunga gazeti. Ngoja kwanza. Al-Qadir, mfalme Mwislamu wa Toledo katika Andalus, alifukuzwa na raia zake. Akaenda kwa nani? Kwa Alfonso wa Sita, mfalme wa Wakristo, akarudishwa kitini kwa panga zake. Mwaka 1085 Toledo ikawa ya Alfonso, na haikurudi tena. Ni Mrumi huyo?

Na hapa kwetu? Mwaka 1498 Malindi ilimpokea Vasco da Gama kwa heshima, kwa kuwa ilikuwa na uhasama na Mombasa. Mombasa ikachomwa mwaka 1505. Baadaye mfalme wa Malindi akapewa Mombasa aikalie, chini ya kivuli cha Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Haya, na mwanawe, Hasan bin Ahmad? Alikosana na Wareno hao hao, akauawa mwaka 1614, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Leo hakuna kiti cha enzi cha kugombaniwa. Kuna nyumba ya mawe ya babu, kuna shamba la minazi, kuna kiwanja kando ya bahari. Ndugu wawili hawasemezani, na mmoja amekwisha kumwita mtu wa mbali mwenye fedha, amemwahidi nusu.

Utaniambia: Sheikh, kaka yangu amekikalia kitu cha marehemu baba, nifanyeje? Nenda kwa wazee wa ukoo. Wakishindwa, nenda kwa kadhi, agawe mirathi kila mtu apate fungu lake. Lakini usiende kwa tajiri ukamwekea rehani fungu la dada zako, ambao hata kuulizwa hawajaulizwa.