Mdosi Aimbe Kwanza

Juzi saa tano usiku binamu yangu alinitumia meseji ya sauti. Yuko Japani, anatunza wazee kwenye makao fulani huko Osaka. Kwao ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, shifti ya usiku inaelekea kuisha. Nilidhani kuna msiba. Kumbe swali lilikuwa hili: "Buda, wewe ndio mtu wa anime. Ijumaa tuna pati ya kufunga mwaka, halafu tunaenda karaoke. Mimi ndiye mgeni, mimi ndiye mdogo. Niimbe nini nisiaibike?"

Alisikika kama mtu anaenda kufanya mtihani. Hapo ndipo nilikasirika.

Kwa wale hawajui, Disemba kule ni msimu wa bonenkai, yaani karamu ya kusahau mwaka. Watu wa kazi moja wanakula, wanakunywa, shida za mwaka wanaziacha hapo mezani. Halafu kuna raundi ya pili, wanaiita nijikai, na mara nyingi inaishia kwenye chumba kidogo cha karaoke. Maiki mbili, skrini, tari, na mdosi amekaa kwa kona. Wazo ni poa sana, sina noma nalo.

Noma yangu ni ushauri. Tafuta nyimbo za kuimba kwa pati kama hiyo, utaambiwa vilevile kila mahali: mdogo ajipange. Imba kitu wakubwa wanajua. Usiimbe ya kulia, usiimbe ya haraka, usiimbe anime ambayo haijulikani, na usimnyang'anye mdosi wimbo wake. Manze! Mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote ndiye anapewa kazi ya kufurahisha chumba kizima. Tena bila ovataimu.

Hiyo presha naijua. Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilipata kazi kwa kampuni moja hapa Nairobi, jina siitaji. Pati ya Disemba, mdosi akaniita mbele. Wimbo pekee niliojua wote kwa kichwa ulikuwa Gurenge ya LiSA, ule wa Demon Slayer. Nikaupiga kwa roho yangu yote. Kumaliza tu, mdosi akauliza kwa maiki, "Sasa hayo yalikuwa maombi ama nini?" Watu wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Mpaka natoka hiyo kazi mwezi wa tatu, jina langu lilikuwa Maombi. Usiniambie nilichagua vibaya. Hata ningeimba wimbo gani, wale watu walishazoea kumwangalia mtu mmoja kabla ya kuamua kama wamefurahi.

Na ukitaka kucheka, angalia historia. Mmoja wa wale wanaotajwa kuianzisha karaoke ni Daisuke Inoue, mwanamuziki wa Kobe aliyetengeneza mashine yake mwaka wa 1971. Kazi yake ilikuwa kuwapigia muziki wateja wa baa wakiimba. Mteja mmoja, mwenye kampuni, alitaka waende safari pamoja ampigie akiimba mbele ya wenzake. Inoue hangeweza kwenda, kwa hivyo akamrekodia kanda inayofuata sauti na mwendo wake. Umeona? Tangu mwanzo, muziki ndio uliombwa umfuate mdosi. Zaidi ya miaka 50 baadaye, bado watoto wa kazi wanaombwa wafanye hivyo hivyo.

Mwaka wa 2019 vijana wa Japani walisambaza hashtegi ya kuruka bonenkai. Wakubwa wengine waliona ni utovu wa adabu. Mimi siamini hao vijana wamechoka na kuimba. Wamechoka kuimba wakichungulia uso wa mtu.

Najua mtasema ni heshima, wakubwa ni wakubwa. Sawa. Lakini wahenga wetu pia walisema mkubwa ni jalala, kila taka hutupwa hapo. Ukubwa ni kubeba. Kama kuna mtu chumbani anaweza kubeba aibu na kesho bado awe na kazi, ni mdosi. Basi abebe yeye. Aimbe kwanza, aharibu noti, watu wamcheke yeye. Na kila mwaka ajifunze wimbo mmoja mpya ambao vijana wa kazi yake wanasikiliza. Mmoja tu! Hata NHK wanajua hii maneno: kwenye Kohaku, ile shoo yao ya tarehe 31 Disemba iliyoanza mwaka wa 1951, waimbaji wa enka na wasanii wa vijana wanashiriki jukwaa moja usiku mmoja. Kama runinga ya taifa inaweza, ofisi ya watu kumi na wawili inashindwa nini?

Sasa, binamu yangu. Nilianza kumwandikia orodha salama. Ya kwanza ilikuwa Ue o Muite Aruko ya Kyu Sakamoto, ya mwaka wa 1961, iliyofika namba moja Marekani mwaka wa 1963. Wimbo mtamu, mwendo wake mtu anauweza, wazee wote wanaujua. Halafu nikafuta. Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe unataka kuimba nini?"

Akanyamaza kidogo, akasema Blue Bird. Ule wa Ikimono-gakari, wa Naruto Shippuden. Tulikuwa tunauimba tukiwa watoto kwa sebule ya shosho, maneno tunabahatisha, CD inakwama katikati. Huo wimbo ndio uliomfanya atake kujua Kijapani. Sasa anakijua kiasi cha kuwalisha na kuwaogesha wazazi wa watu, na bado anaomba ruhusa ya kuuimba.

Nikamwambia aimbe huo. Atafute mfanyakazi wa rika lake, ampe maiki ya pili, na tari ampe mdosi. Akauliza, "Na akinicheka?"

Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu jibu liko kwa huyo mdosi. Na liko kwa wewe pia, kama una watu chini yako na umewaalika pati Disemba hii. Kabla uite jina la mtoto wa atachimenti aje mbele, shika maiki wewe.