Kurasa nzito za intaneti, kodi ambayo hakuna aliyeipigia kura

Goma, Bukavu, Uvira au Lubumbashi, wakaaji wengi hawanunui intaneti ya mwezi mzima. Wananunua mega. Mega za siku moja, mega za saa chache, mega za usiku kwa sababu bei yake ni nafuu, kwa muuzaji aliyeketi chini ya mwavuli kando ya barabara. Mtu aliyebakiwa na mega 30 mpaka jioni hufungua kila kitu kwa hesabu, kama mama anayeangalia mafuta yaliyobaki katika taa.

Upande wa pili wa simu hiyo kuna mtu ambaye hafanyi hesabu hiyo kabisa. Ni msanifu wa kurasa za intaneti. Anafanya kazi mbele ya kioo kikubwa, kwenye laini isiyokatika ambayo kwa kawaida inalipwa na mwajiri wake. Anapoongeza picha kubwa, video inayoanza yenyewe, au aina tatu za herufi nzuri, ukurasa wake unafunguka mara moja na anaridhika. Bili inakwenda kwa mwingine.

Wakongomani wanaijua vizuri habari ya kukatwa pesa ndani ya simu. Mwezi Septemba 2020 serikali ilianzisha RAM, tozo la daftari la simu za mkononi: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, ikichukuliwa moja kwa moja kwenye salio la mteja. Watu walipiga kelele. Vijana wa LUCHA waliikataa waziwazi, wabunge wakaidai serikali maelezo, na mwaka 2022 ikafutwa. Ilifutwa kwa sababu ilionekana. Mtu aliweka salio, akaona limepungua kabla hajapiga simu hata moja, akauliza nani amechukua.

Uzito wa kurasa hauonekani hivyo. Msomaji anaona tu kwamba mega zimekwisha mapema. Analaumu kampuni ya simu, analaumu mtandao, analaumu simu yake ya zamani. Mara chache sana anamlaumu mtu aliyetengeneza ukurasa, na mara nyingi huyo ndiye mwenye kosa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Habari ya maneno 1000 kwa Kiswahili, herufi zake zote zikihesabiwa, haifiki kilobaiti 10. HTTP Archive, mradi unaopima mamilioni ya kurasa duniani, ulionyesha mwaka 2024 kwamba ukurasa wa kati kwenye simu umezidi megabaiti 2. Miaka kumi kabla yake ulikuwa haujafika hata megabaiti 1. Maana yake ni kwamba msomaji aliyekuja kutafuta maneno ya kilobaiti 10 anabebeshwa mzigo wa mara 200. Maneno hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni vitu vinavyoyazunguka.

Vitu hivyo vinajulikana. Picha ndiyo ya kwanza. Mwandishi anapiga picha kwa simu, inatoka na megabaiti 3 au 4, inapandishwa jinsi ilivyo, kisha inaonyeshwa kwenye kioo chenye upana wa vidole vinne. Picha hiyo hiyo ikipunguzwa kwa kipimo cha kioo inaweza kushuka chini ya kilobaiti 100, na hakuna jicho litakalotambua tofauti. Baada ya picha kuna programu ndogondogo za matangazo, na nyingine za kumfuata msomaji ili kujua amesoma nini, amekaa dakika ngapi, anatoka wapi. Hizi msomaji hazioni kamwe, lakini ndiye anayelipia safari yao. Kwa maneno mengine, analipa ili apelelezwe.

Mwaka 2010 msanifu Mmarekani Ethan Marcotte aliandika juu ya namna ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojikunja kufuatana na kioo, kikubwa au kidogo. Wazo lake lilikubalika dunia nzima, na ndilo linalofanya kurasa za leo zisomeke kwenye simu bila kuvuta kushoto na kulia. Lilikuwa jambo jema. Lakini wengi walichukua nusu yake tu. Walipunguza umbo, uzito wakauacha. Mshonaji anayejua kazi hukata kitenge kwa kipimo cha mvaaji. Huyu wa mtandao ameshona gauni la mtu mzima, akalikunja mara nne, akalivisha mtoto.

Simulizi moja inastahili kujulikana na kila anayetengeneza tovuti nchini Kongo. Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube, aliieleza mwaka 2012. Ukurasa wa kutazamia video ulikuwa umefikia megabaiti 1.2. Akaamua kuutengeneza upya, akipiga vita kila kisichohitajika, mpaka akaushusha hadi kilobaiti 98. Akaujaribu kwa sehemu ndogo ya watazamaji, akangoja matokeo ya wiki moja. Matokeo yakamshangaza: kwa wastani, ukurasa mwepesi ulichukua muda mrefu zaidi kufunguka kuliko ule mzito. Ilikuwa kana kwamba mtu amepunguza mzigo wa lori na lori likaenda polepole zaidi.

Jibu lilipatikana walipogawa hesabu kwa sehemu za dunia. Watu wa Asia ya kusini-mashariki, wa Amerika ya Kusini, wa Afrika, na wa pembe za mbali za Siberia walikuwa wameingia kwa wingi. Kwao kilobaiti 98 zilichukua zaidi ya dakika mbili. Ukurasa wa zamani ungewachukua zaidi ya dakika 20, kabla video yenyewe haijaanza. Kwa hiyo hapo mwanzo hawakuwa wanakuja kabisa, na kwa kuwa hawakuja, hakuna takwimu iliyowaonyesha. Wakubwa wa kampuni waliangalia hesabu zao wakaona kila kitu kinakwenda vizuri, kwa sababu waliohesabiwa ni wale tu walioweza kufika.

Hapo ndipo penye hatari kwa vyombo vya habari vya Kongo. Mhariri akifungua hesabu za tovuti yake huona wasomaji wa Kinshasa, Lubumbashi, Brussels na Paris. Wa Minova, Walikale au Fizi ni wachache. Ni rahisi kusema kwamba huko watu hawapendi kusoma, au kwamba wanapenda redio tu. Redio wanaipenda, hilo ni kweli. Lakini mtu aliyebonyeza kiungo, akangoja dakika tatu mbele ya kioo cheupe, akaona mega zinakwisha, akaondoka, hayumo katika daftari lolote. Alitaka kusoma. Mlango ulikuwa mzito.

Na mtu huyo haendi kukaa bila habari. Anarudi WhatsApp, ambako mega za bei ndogo zinampeleka. Huko atapata picha ya kioo iliyokatwa kutoka gazeti fulani, bila tarehe, au sauti ya mtu asiyejulikana anayesema amesikia kwa ndugu yake jeshini. Sauti hiyo ni nyepesi, inafika mara moja. Habari iliyochunguzwa, iliyopigiwa simu pande mbili, imebaki nyuma ya picha ya megabaiti 4. Watu wanaozungumzia vita dhidi ya uzushi kwa kawaida hufikiria semina, vipindi vya redio na adhabu. Uzito wa ukurasa hauingii katika mazungumzo, ingawa uzushi mara nyingi hushinda kwa sababu tu ulifika kwanza.

Goma wanakumbuka Mei 2021. Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22, na alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi, Constant Ndima, akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji iondoke. Mamia ya maelfu ya watu walikwenda, wengine Sake, wengine Rwanda, wengine kwa mashua kuelekea Bukavu. Asubuhi kama hiyo, kinachotakiwa ni orodha ya mitaa: Majengo, Murara, Mapendo, Kahembe na mingine. Majina yote kumi, yakiandikwa mfululizo, yanaingia katika ujumbe mfupi mmoja wa simu na nafasi inabaki.

Kipimo cha ujumbe huo nacho kina historia yake. Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand, akiwa Bonn, aliketi na mashine ya kuchapa akaandika sentensi za kila namna, akahesabu herufi. Karibu zote zilikaa chini ya 160. Akatazama pia kadi za posta, akaona kwamba watu wanasema mambo yao kwa ufupi huo huo. Kutokana na kazi hiyo herufi 160 zikawa kipimo cha SMS. Laini haikuwa na nafasi zaidi, naye hakujifanya kwamba inayo. Alianza na kile ambacho mtu anataka kumwambia mwenzake, kisha akauliza kinahitaji nafasi kiasi gani. Mpaka leo mama wa sokoni Kadutu anatuma pesa kwa menyu ya namba na nyota, maandishi matupu yasiyo na picha hata moja, kwenye simu isiyo na intaneti. Wasanifu wengi wangeona aibu kuonyesha menyu hiyo katika maonyesho ya kazi zao. Lakini inafanya kazi, na watu wanaiamini kwa pesa zao.

Kuna pia jambo la lugha, ambalo halina uzito wa mega lakini lina uzito wake. Mtu wa Bukavu akifungua gazeti la Kiswahili mara nyingi hukutana kwanza na karatasi inayofunika nusu ya kioo, kwa Kifaransa au Kiingereza, ikimwomba akubali kufuatwa. Karatasi hizo zilienea baada ya sheria ya Ulaya ya kulinda habari za watu kuanza kutumika Mei 2018. Kongo ina sheria yake ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023. Msomaji anabonyeza "Accepter" ili apite, bila kujua amekubali nini. Kama ni lazima aombwe ruhusa, aombwe kwa lugha ile ile aliyokuja kusoma.

Wapo watakaojibu kwamba tatizo hili linakwisha lenyewe. Nyaya za baharini zimefika Muanda, 4G inaenea, na Mei 2025 ARPTC ilitangaza leseni kwa Starlink baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia. Ni kweli kwamba kasi inaongezeka. Lakini kasi na bei ni vitu viwili. Laini ya kasi inamaliza mega 30 haraka zaidi, basi. Tena dunia nzima imeonyesha kwamba njia ikipanuliwa, wasanifu wanaijaza. Ukurasa ulikua zaidi ya mara mbili katika miaka ileile ambayo mtandao ulikuwa unaboreka.

Jibu jingine ni la pesa, na lenyewe si la kudharau. Gazeti la mtandaoni linaishi kwa matangazo, na matangazo huja na programu zake nzito. Mhariri anayelipa mshahara wa waandishi watano kwa njia hiyo hawezi kuambiwa ayatoe kesho. Lakini tangazo la duka la simenti la Goma linaweza kuwa picha moja ya kilobaiti 40 yenye namba ya simu chini. Halihitaji kupitia mashine kumi za Ulaya na Marekani zinazopigana mnada juu ya macho ya msomaji. Huenda mwenye duka hata akapendelea hivyo, maana ataliona tangazo lake mwenyewe.

Kwa mengine yote hakuna udhuru wa pesa. Kupunguza picha kabla ya kuipandisha ni kazi ya nusu dakika, na programu za kuifanya ni za bure. Kuacha video ingoje mpaka msomaji aibonyeze hakugharimu kitu. Kutumia herufi zilizomo tayari ndani ya simu ni bure. Kuweka maneno yafike kwanza na picha baadaye ni mpangilio tu.

Idara za serikali zinazofungua tovuti siku hizi zinapaswa kubanwa zaidi ya magazeti, kwa sababu msomaji wa gazeti anaweza kwenda gazeti lingine. Mwanafunzi anayetafuta matokeo ya mtihani wa taifa hana tovuti nyingine ya serikali ya kukimbilia. Wizara inapompa fundi kazi ya kutengeneza tovuti, mkataba unaweza kutaja mambo mawili kwa namba: ukurasa wa kwanza usizidi kilobaiti 200, na fomu ijazwe mpaka mwisho kwa simu ya bei ndogo kabisa sokoni. Majaribio yafanyike Sake au Kalehe, kwa kadi ya kawaida iliyonunuliwa barabarani, siku yenye mvua. Fundi asilipwe sehemu ya mwisho ya pesa zake mpaka fomu hiyo ifike.