Jikaze au Jilegeze? Maoni Kuhusu Mafunzo ya Ngoma ya Kamabeka Shuleni

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hawakueleza atendewe nini mchezaji ambaye, ngoma ikiwa imepamba moto, shavu la mguu wake limekaza likawa gumu kama jiwe.

Hali hiyo ilimpata msichana mmoja wa kidato cha pili katika shule iliyoko nje kidogo ya mji wa Kitale. Ilikuwa asubuhi ya baridi, majira ambayo ukungu wa Mlima Elgon huchelewa kuondoka viwanjani. Kikundi cha shule kilikuwa kikijiandaa kwa tamasha za muziki, na ngoma iliyochaguliwa ni Kamabeka, ngoma maarufu ya Wabukusu ambayo jina lake lenyewe lina maana ya mabega. Wachezaji walikuwa wamerudia hatua zile zile kwa muda usiopungua saa moja. Msichana huyo, aliyekuwa safu ya mbele, aliushika mguu wake ghafla, akaanguka magotini, akalia. Mwalimu hakusimamisha ngoma. Alimwambia neno moja tu: "Jikaze!"

Neno hilo linastahili kuchunguzwa na kila anayeisoma lugha ya Kiswahili, kwa kuwa ndani yake mna kosa ambalo wasemaji hawalisikii. Msichana alipoulizwa baadaye alichougua, alijibu kuwa msuli "ulimkaza". Kitenzi ni kile kile kimoja. Maradhi ni kukaza, na dawa aliyopewa ni kujikaza. Ni sawa na kumwambia anayezama ajiongeze maji.

Wala kitenzi hiki hakiko peke yake. Jina linalotumiwa katika maandishi ya afya kwa maumivu haya ni mkakamao wa misuli, nalo limetokana na kukakamaa. Kutokana na mzizi huo huo tumepata ukakamavu, ambao ni ushujaa, ustahimilivu na mwendo wa askari kwenye gwaride. Kwa upande wa pili wa mizani kuna kulegea. Kutokana nako tumepata mlegevu, ulegevu na legelege, maneno ambayo hakuna mzazi angependa mwanawe aitwe. Yaani Kiswahili, kwa mazoea yetu ya kukisema, kimekwisha kuhukumu kabla mwili haujatoa ushahidi: kilichokaza ni chema, kilicholegea ni kibaya. (Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba maiti nayo hukakamaa, na hakuna anayeisifu.)

Hoja ya makala hii ni kwamba mazoea hayo ya lugha yameingia katika ufundishaji wa ngoma na kuwadhuru wanafunzi, na kwamba kwa Kamabeka hasa, yanaiharibu ngoma yenyewe.

Tuanze na mwili. Kwa miaka mingi iliaminiwa kuwa mkakamao wa misuli husababishwa na upungufu wa maji na chumvi. Imani hiyo ilipata nguvu katika miaka ya 1920, wataalamu walipowachunguza wachimbaji wa makaa ya mawe nchini Uingereza waliokuwa wakitokwa na jasho jingi kwenye joto la migodini. Maelezo hayo yana ukweli wake kwa watu wa namna hiyo. Lakini mji wa Kitale uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mtoto anayecheza saa moja ya asubuhi katika mwezi wa Juni hana jasho la mchimba migodi. Mbona naye msuli humkaza?

Mnamo mwaka wa 1997, Martin Schwellnus na wenzake wa Afrika Kusini walitoa maelezo mengine ambayo yamepata wafuasi wengi tangu hapo. Kwa ufupi, kati ya msuli na uti wa mgongo hupita ishara za aina mbili: moja inauamuru msuli ukaze, nyingine, itokayo kwenye kano, inauzuia usikaze kupita kiasi. Msuli ukichoka, ishara ya kwanza hupaza sauti na ya pili hufifia. Msuli basi hukaza bila ya kutumwa na mwenyewe, wala hausikii amri ya kuachia. Hatari huzidi pale msuli unapotumiwa ukiwa tayari umejifupisha. Ndiyo maana wanaojifunza dansi ya nguzo, mchezo ambao wengi huuhusisha na vilabu vya usiku ingawa kufikia mwaka wa 2017 ulikuwa umetambuliwa kama mwangalizi katika muungano wa kimataifa wa mashirikisho ya michezo, hulalamikia sana nyayo, mashavu ya miguu na mikono. Vidole vya miguu hunyooshwa kwa muda mrefu, na kiganja hakiachii nguzo.

Mwanafunzi wa Kamabeka hana nguzo ya kushika. Lakini mtazame anayeanza. Kwa hofu ya kukosea, huyapandisha mabega hadi karibu na masikio na kuyaacha huko. Husimamia vidole vya miguu, magoti yameinama. Msuli wa shingo umejifupisha, wa shavu la mguu umejifupisha, na vyote viwili vinaombwa vifanye kazi saa nzima. Kisha anaambiwa ajikaze!

Hapa ndipo ngoma yenyewe inapotoa ushahidi dhidi ya mwalimu. Mabega ya Kamabeka hayatikisiki kwa nguvu. Atazamwe mzee yeyote wa Bungoma aliyeicheza tangu utotoni, litungu likilia kwa nyuzi zake saba: shingo imetulia, mikono inaning'inia, na mabega yanatetema kana kwamba si yeye anayeyatetemesha. Mtetemo huo huzaliwa na ulegevu. Bega lililokazwa haliwezi kutetema. Huruka tu juu na chini, na mtazamaji mjuzi hutambua mara moja kwamba yule ni mtoto wa shule aliyefundishwa kwa haraka. Kwa hiyo mwalimu anayeamuru kujikaza anapoteza vitu viwili kwa mpigo mmoja, afya ya mchezaji na uzuri wa ngoma.

Wapo watakaopinga kwa kuutaja utamaduni. Watasema kuwa jamii ya Wabukusu imejengwa juu ya ustahimilivu: kijana anayepashwa tohara, katika sherehe zinazofanyika kila mwaka unaogawika kwa mbili, na hasa mwezi wa Agosti, husimama wima mbele ya ngariba bila kutikisika wala kupepesa macho. Ni kweli, na heshima ya jambo hilo haibishaniwi hapa. Lakini wanaolitaja husahau yanayotangulia. Kabla ya siku hiyo, kijana huzunguka kwa jamaa zake, karibu na mbali, akiwaalika kwa kucheza na kugonga njuga za mkononi ziitwazo chinyimba. Hutembea, hucheza, hupumzika, hupewa chakula, huendelea. Mwili wake huzoeshwa kidogo kidogo, na watu wazima wako pamoja naye njia nzima. Kusimama bila kutikisika ni kwa muda mfupi na kwa jambo moja. Hakuna aliyewahi kusema kuwa mtoto acheze hivyo kila alfajiri ya muhula wa pili.

Isitoshe, katika mazingira yake ya asili Kamabeka haikuwa na ratiba. Mtoto aliiona arusini na katika karamu, akaiiga akiwa bado mdogo nyuma ya wakubwa, akachoka, akakaa, akala, akarudi. Miaka ikapita. Shule imeichukua ngoma hiyo ya miaka na kuifanya ya wiki chache, kwa sababu tamasha za muziki za Kenya, ambazo asili yake ni mwaka wa 1927, zina kalenda yake: ngazi za chini kwanza, kisha kaunti, kisha kanda, hadi kilele cha kitaifa ambacho aghalabu huwa mwezi wa Agosti. Tamasha hizo zimefanya kazi kubwa ya kuhifadhi ngoma zetu, na bila ya hizo huenda watoto wengi wa Kitale, mji wenye watu wa makabila mengi, wasingeijua Kamabeka kabisa. Lakini muda ukifupishwa, namna ya kufundisha nayo haina budi kubadilika.

Walimu nao wana methali zao. Samaki mkunje angali mbichi, husema, wakimkunja mtoto. Methali ni nzuri, ila wameisikia nusu. Anayekunjwa ni samaki mbichi. Aliyekauka, na mwili wa asubuhi ya baridi uko karibu na hali hiyo, havumilii kukunjwa; huvunjika. Dakika kumi au kumi na tano za kutembea, kukimbia polepole, kuzungusha mabega na kucheza hatua kwa mwendo wa chini zingetosha kuupasha mwili moto. Hazigharimu shilingi.

Na msuli ukikaza? Mchezaji aache kucheza mara moja. Ikiwa ni shavu la mguu, goti linyooshwe, vidole vivutwe taratibu kuelekea kwenye muundi, na mguu ushikiliwe hivyo hadi msuli uachie, jambo ambalo kwa kawaida huchukua chini ya dakika moja au mbili. Ikiwa ni unyayo, kidole gumba kivutwe juu. Ikiwa ni shingo na bega, mkono uachwe uning'inie na kichwa kiinamishwe polepole upande wa pili. Baadaye msuli usuguliwe kwa upole, ufunikwe usipate baridi, na mchezaji anywe maji. Asirudi kwenye kasi ile ile siku hiyo, kwani msuli uliokaza mara moja huwa mwepesi wa kukaza tena. Ama ndizi, ambayo kila uwanja una mtu wa kuisifu, ni chakula chema na iliwe, lakini haiwezi kumeng'enywa na kuufikia msuli katika dakika hizo chache.

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi, ya kulipima neno "jikaze" kabla ya kulitamka. Magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye wagonjwa wengi wa selimundu. Kwa mtoto mwenye ugonjwa huo, baridi, uchovu na ukosefu wa maji vinaweza kuleta maumivu makali ya mifupa na viungo, naye katika kilio chake atasema tu kwamba mguu unauma. Mwalimu hawezi kuyatofautisha maumivu hayo kwa macho. Maumivu yasiyokoma baada ya kunyoosha msuli, uvimbe, udhaifu, au mkojo wenye rangi ya chai iliyokolea baada ya mazoezi makali, yote hayo ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Tena wanafunzi wetu hawana neno la uhakika la kujieleza. Wengi husema "mshipa umenishika". Mshipa katika matumizi ya kila siku ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na kwa wengine ni ngiri. Mwalimu akisikia mshipa, asikie lipi? Vyama vya Kiswahili vimejadili kwa bidii istilahi za kompyuta na za isimu. Istilahi za mwili unaocheza, unaokimbia na unaoumia hazijapata kikao. Jambo hili linawahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Wengi wao watatumwa kufanya mazoezi ya ualimu katika shule za Bungoma na Trans Nzoia, na huko, kwa dhana kwamba mwalimu wa Kiswahili ndiye mwalimu wa utamaduni, watakabidhiwa kikundi cha ngoma kabla hawajakabidhiwa dawati. Watasimama mbele ya watoto thelathini wasio na viatu, penye umande, na mmoja atashika mguu.

Siku ile ya Kitale, aliyemsaidia msichana ni mwenzake wa safu ya pili, ambaye alijifunza kwa kaka yake mwanariadha. Aliunyoosha mguu, akavivuta vidole, akahesabu. Msuli ukaachia. Lakini jina la msichana lilikuwa limekwisha kufutwa katika orodha ya safu ya mbele, kwa sababu, kama alivyoeleza mwalimu, alikuwa mlegevu. Nafasi yake akapewa mwingine aliyekuwa na wiki moja tu ya mazoezi, naye akaingia akiwa ameyapandisha mabega hadi masikioni.