Programu ya Karani Isiondoke na Karani

Nikiwa katika mwaka wa kichungaji kwenye parokia moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa, alifika binti mmoja ofisini kuomba cheti cha ubatizo. Alikuwa anajiandaa kufunga ndoa. Jina lake tulilipata katika daftari, lakini mahali pa kuandika kipaimara palikuwa patupu. Karani aliyetangulia alikuwa ametengeneza programu yake mwenyewe katika Excel, na kwa miaka miwili kumbukumbu za kipaimara ziliingizwa humo kwanza, kwa ahadi kwamba zingehamishiwa daftarini baadaye. Karani akahama. Programu ilifungwa kwa neno la siri alilolijua yeye peke yake, na simu yake ilikuwa haipatikani. Binti yule alipanda bodaboda mara tatu kumtafuta msimamizi wake wa kipaimara aje kutoa ushahidi.

Baadhi ya wazee wa parokia walisema, "Kompyuta ndiyo iliyotuponza. Turudi kwenye daftari." Mimi naona tofauti.

Karani hakukosea kutengeneza programu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye ndiye aliyeijua adha ya kupekua madaftari ya miaka arobaini huku watu wamepanga foleni mlangoni. Ndivyo ilivyo kwa mhasibu wa ushirika wa kahawa huko Mbinga anayetengeneza jedwali la kukokotoa malipo ya wakulima, au muuguzi wa zahanati anayepanga orodha ya watoto wa kliniki, au mwalimu anayejumlisha alama za darasa zima. Hawa hawasubiri mtaalamu kutoka Dodoma, kwa kuwa kazi haisubiri. Kuwapiga marufuku ni kuwanyang'anya jembe watu wanaolima.

Tuna mfano mzuri hapa Afrika Mashariki. Mwezi Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kutumia programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Waliitengeneza kwa Access, programu ya kawaida ya ofisini. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka kwa maelfu, ilionekana kwamba chombo kile kidogo kisingebeba mzigo huo. Mwaka 2004 ikaanza kazi ya kujenga mfumo mpya, OpenMRS, ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Leo unatumika katika nchi nyingi, wakiwamo jirani zetu wa Msumbiji. Chombo kidogo kilizaa kikubwa kwa sababu hakikubaki siri ya mtu mmoja, na kwa sababu wenyewe walikiri mapema kwamba kimezidiwa.

Pasipo kukiri hivyo, hata mataifa tajiri huumbuka. Kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikosa kuhesabu kwa wakati watu 15,841 waliokutwa na UVIKO-19. Majibu ya maabara yalikuwa yakipakiwa kwenye faili za Excel za mtindo wa zamani, ambazo hazipokei zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje kimyakimya, na waliokaribiana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Jedwali halikumwambia mtu kwamba limejaa.

Sisi wa Kanisa tuna sababu zaidi ya kuwa makini. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inataka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na kwamba kipaimara kiandikwe pia katika kitabu cha ubatizo. Kanuni ya 1284 inamdai msimamizi wa mali za Kanisa vitabu vya mapato na matumizi vilivyopangwa vizuri. Kompyuta inaweza kusaidia vitabu hivyo, lakini haiwezi kuwa kisingizio cha kutoviandika.

Nayo nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Imani ya mtu, afya yake na miamala yake ya fedha vimo katika taarifa nyeti. Orodha ya zaka ya jumuiya, ikikaa kwenye flashi inayozunguka mfukoni mwa mtu, ni siri za waamini zinazotembea barabarani.

Najua yupo atakayesema, "Programu ni jasho langu, nilikesha nikiitengeneza." Ni kweli, na anastahili kushukuriwa hadharani, na ikiwezekana kulipwa. Lakini majina yaliyomo si yake. Ujuzi ataondoka nao. Kumbukumbu za watu zitabaki.

Basi tufanye nini? Mfanyakazi anayetengeneza programu amjulishe mkuu wake tangu siku ya kwanza. Neno la siri lijulikane na watu wawili, na nakala yake ifungwe katika bahasha ndani ya kabati la paroko. Maelezo ya matumizi yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja au miwili. Kila mwezi mtu mwingine achague majina machache na kuyalinganisha na daftari. Nakala ya faili itunzwe nje ya kompyuta ile, kwa maana umeme ukirudi kwa kishindo hauchagui cha kuunguza. Na siku ya makabidhiano, programu ikabidhiwe pamoja na funguo za ofisi.

Ndugu zangu waseminari, wengi wetu tutapangiwa parokia ambako tutamkuta karani mwenye kipaji cha namna hii. Tusimwogope, wala tusimwachie mzigo peke yake. Tukae naye saa moja, atuonyeshe kazi yake, kisha tumuulize: "Ukihama kesho, nani ataifungua?" Kama hana jibu, tumtafutie mwenzake wiki hiyohiyo.