Bwawa la Tana na watu wa mwisho wa mto

Bwawa la High Grand Falls linalopangwa katika Mto Tana huelezwa kwa hesabu za umeme na ekari za umwagiliaji. Watu wa Lamu wana swali jingine: maji yakizuiwa juu, huku chini kutafika nini?

Historia inajibu kiasi. Skimu ya umwagiliaji ya Hola ilianza miaka ya 1950, ikafuatwa na Bura, ambako maji yalipandishwa mferejini kwa pampu za dizeli kutoka Nanigi. Pampu zilipokwama, mashamba yalikauka na wakulima waliohamishiwa huko wakabaki na madeni. Kwenye delta ya Tana, mashamba ya mpunga ya TARDA, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya mito Tana na Athi, yaliharibiwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998.

Tana ndio huleta tope na maji matamu hadi Kipini na Ghuba ya Ungwana, wanakokulia kamba na samaki wanaowalisha wavuvi.

Visiwani, ambako maji ya mto hayafiki, wakazi wa Pate na Ndau wangali wakitegemea jabia: mvua huteremka kwenye sakafu iliyosakafiwa ikaingia tangini chini ya ardhi. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya michanga ya Shela.

Kwa hiyo kabla ya mifereji kuchimbwa, serikali iandike kisheria kiwango cha maji kitakachoachwa kifike baharini, iitishe mabaraza Kipini na Faza, na itenge fedha za kukarabati jabia zilizopasuka.

Msomaji,
Faza, Lamu