"Actually" si sasa hivi
KANDO YA RUZIZI, na Furaha Nabintu

Kijana mmoja wa hapa Sange aliomba kazi kwenye shirika la misaada. Akaulizwa kwa Kiingereza anafanya nini maishani. "Actually, I am a teacher," akajibu, akimaanisha kwamba kwa sasa anafundisha. Aliyemhoji alisikia mengine: kana kwamba amemdhania vibaya na sasa anasahihishwa. Kifaransa tulichosomea kina "actuellement", yaani wakati huu, nasi tukadhani maneno hayo ni ndugu. Kumbe "actually", hasa ikitangulia sentensi, humrekebisha mwenzako, hata ikisemwa kwa upole.

Tangu nchi yetu ya Kongo itie saini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, Nairobi, tarehe 8 Aprili 2022, hamu ya Kiingereza imepanda. Si kigeni kwetu: walinda amani wa Pakistani walikizungumza huku mpaka MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilipoondoka Kivu Kusini mwezi Juni 2024, na ng'ambo ya mto Ruzizi Warundi walikifanya lugha rasmi mwaka 2014. Hamu hiyo siigombezi. Nagombana na daftari la mwanafunzi, ambamo "really", "indeed", "certainly", "of course" na "actually" yamepangwa mstari mmoja, mbele yake pameandikwa "kweli".

Chukua "of course". Ukiombwa kalamu ukajibu hivyo, u mkarimu. Ukiulizwa kama basi la Uvira limeshapita ukajibu hivyohivyo, umemwambia mtu kwamba hata mtoto analijua hilo. "Indeed" hukubali jambo ambalo mwenzako amekwisha kulisema. "Certainly" nayo ina mtego wake: Mfaransa akisema "certainement" mara nyingi anakisia tu, lakini Mwingereza akisema "certainly" amejifunga. Muuza mpunga atakayemwahidi mteja magunia kwa neno hilo ajue hana pa kutokea. "Quite" ndiyo balaa. "Quite right" ni sawa kabisa, ilhali "quite good" kinywani mwa Mwingereza huwa ni nzuri kiasi, na kinywani mwa Mmarekani ni sifa hasa. Mwalimu atakayeiruka hiyo nitamsamehe.

Ya kwetu tunayatofautisha bila kufundishwa. Nikikupa habari ukasema "Kweli?", unataka ushahidi. Ukisema "Kweli", tuko pamoja. "Kabisa" yako inanisukuma niendelee. Hakuna mama sokoni anayeyachanganya. Basi mwalimu aanzie hapo, aufute ule mstari, amuulize mwanafunzi: anayekusikiliza atajiona amekubaliwa, amesahihishwa au ametiliwa shaka? Tena wafanye mazoezi kwa sauti, wawiliwawili, maana "really" ikipandishwa mwishoni inauliza, ikitangulia "good" inasifu, na daftari halina sauti.