Kadi ya Sikukuu, Iandike kwa Mkono Wako

Ndugu msomaji, sikukuu zikikaribia watu hukumbukana. Wakristo hukumbukana wakati wa Krismasi na Pasaka. Waislamu hukumbukana wakati wa Idi. Mwaka mpya ni wa watu wote. Njia moja ya kupelekeana salamu za siku hizo ni kadi. Kadi hutiwa ndani ya bahasha, ikabandikwa stempu na kupelekwa posta. Siku hizi watu wengi wameiacha njia hiyo, wanatumia simu. Mimi naona sisi wanakisomo tusiiache. Lakini tuitumie kwa namna yetu wenyewe. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuone jinsi kadi hizi zilivyoanza. Zamani huko Uingereza gharama ya barua ilikuwa kubwa. Ilihesabiwa kwa umbali wa safari, na mara nyingi aliyelipa ni yule aliyepokea barua. Mwaka 1840 utaratibu ulibadilishwa. Barua nyepesi iliweza kutumwa popote nchini humo kwa peni moja tu. Aliyetuma alilipa kwa kubandika stempu. Watu wakaanza kuandikiana kwa wingi.

Bwana mmoja wa London, jina lake Henry Cole, alishiriki katika kazi ya kubadilisha utaratibu huo. Krismasi ya mwaka 1843 ilipokaribia, alikuwa na marafiki wengi wa kuwaandikia, na shughuli zake zilikuwa nyingi. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi. Katikati palikuwa na picha ya jamaa wanaosherehekea pamoja. Pembeni palikuwa na picha za watu wanaowapa maskini chakula na nguo. Maneno ya salamu yalikuwa yamekwisha kupigwa chapa. Mtumaji alibakiwa na kazi ya kuandika jina la anayepelekewa na jina lake mwenyewe. Kadi hizo ziliuzwa shilingi moja kila moja. Shilingi ya Uingereza wakati huo ilikuwa peni 12. Maana yake, bei ya kadi moja ilitosha kutuma barua 12.

Fikiri jambo hili, ndugu msomaji. Kadi ya sikukuu ilibuniwa na mtu aliyetaka kuandika kidogo. Yeye alikuwa na haki yake, kwa sababu kalamu alikuwa ameizoea. Haja yetu sisi ni nyingine. Sisi tumejifunza juzi, na tunahitaji kuandika zaidi. Jembe lisilotumika hushika kutu. Kisomo nacho ni hivyo hivyo. Wako watu waliohitimu darasa la kisomo wakafurahi, lakini hawakuandika tena. Baada ya miaka michache wamerudi kuweka dole gumba.

Kwa hiyo ukinunua kadi yenye maneno mazuri ya kiwandani, ukatia jina lako tu, umemwachia mpiga chapa kazi yako. Maneno hayo hayamjui mwanao. Hayajui kwamba mbuzi wenu amezaa mapacha. Ongeza maneno yako mwenyewe, hata kama ni machache. Kwa mfano:

"Mwanangu, sisi wazima. Mvua imenyesha, mahindi yamefika magotini. Bibi yako anauliza utakuja lini. Ni mimi mama yako."

Maneno hayo machache yanazidi picha yoyote ya maua. Kijana aliye mjini, ambaye aliondoka nyumbani wakati mama yake hajui hata herufi a, atauona mwandiko huo na kujua kwamba mama ameandika mwenyewe. Atauweka.

Liko jambo jingine la maana. Mtu anayeandikiwa na wengine hana siri. Deni lake, ugonjwa wake na ugomvi wa nyumbani kwake vyote hupitia kwa mwandishi. Ukizoea kuandika salamu leo, kesho utaweza kuandika hata lile ambalo hutaki mtu mwingine alisikie.

Wengine watasema, "Simu ni ya haraka." Ni kweli. Habari ya ugonjwa au msiba usiingojeshe posta. Piga simu. Lakini salamu za simu mara nyingi ni maneno ya mtu mwingine yanayopelekwa kwa watu hamsini kwa mara moja. Wengine watasema, "Kadi ni desturi ya kigeni." Karatasi imetoka mbali, lakini salamu ni zetu. Nani kati yetu alifundishwa na mgeni kumjulia hali mzee wake? Na wengine watasema, "Kadi ni ghali." Basi usinunue. Chukua karatasi ngumu, ikunje katikati, chora ua au nyota kwa kalamu ya rangi. Hiyo ni kadi. Utalipia bahasha na stempu tu.

Ukituma, fuata mambo haya. Andika wazi jina la anayepelekewa, namba ya sanduku lake la posta na mji wake. Kama hana sanduku, tumia sanduku la mahali anapofanya kazi, la shule, la kanisa au la msikiti, baada ya kuomba ruhusa. Andika jina na anwani yako nyuma ya bahasha, ili barua irudi kwako kama hakupatikana. Bandika stempu juu, upande wa kulia. Usitie fedha ndani ya bahasha. Tuma mapema. Krismasi ni tarehe 25 Desemba kila mwaka, lakini Idi hufuata mwezi, na kila mwaka huja mapema zaidi kwa siku kama 11. Uliza tarehe yake, kisha utume wiki tatu kabla.

Ndugu msomaji, usingoje mpaka mwandiko wako uwe mzuri. Chagua mtu mmoja tu aliye mbali nawe. Sikukuu ijayo, mwandikie wewe mwenyewe. Ukikosea herufi, atakuelewa.

Mambo ya kujadili darasani:
1. Ni nani aliyekuandikia barua kabla hujajifunza? Ulipenda ajue mambo yote?
2. Barua za kijiji chetu hupitia sanduku gani la posta?
3. Andika maneno matatu au manne ya salamu kwa ndugu yako aliye mbali.